Wapishi Hawakuimba

Mara tano kwa usiku, nakimbilia chooni,
Makorora kwetu huku, hata mbwa wanibaini;
Nangojea kama kuku, anayetaga bandani,
Likitoka tone moja, nashukuru narejea.

Mke wangu Mwanaidi, Bombo akanipeleka,
“Mkaidi hafaidi,” kwa mkono kanishika;
Tabibu, binti Hamadi, karatasi kaiweka,
Kachora kitu duara, kibofu chakikalia.

“Mzee, hii ni tezi, vifuko vipo nyumake,
Mbegu haina ujuzi, haiendi peke yake;
Hivyo huipa mchuzi, wa sukari ndani mwake,
Tezi huyeyusha uji, mbegu ikaogelea.

“Pana vingine viwili, kama njegere vidogo,
Husafisha njia kali, ya mkojo, pasi zogo;
Bwana arusi hajali, nani kabeba mzigo,
Jamvi halijitandiki, kuna aliyetandia.”

Barazani Ngamiani, kwa kahawa nilitamba:
“Wana saba! Hesabuni! Mbegu yangu kama simba!”
Kumbe wapishi jikoni, hawakuwahi kuimba,
Tangu kazi ya mkonge, jina sikuwaitia.

Sasa tezi imenuna, imefura kama ngumi,
Saratani hakuona, kanipa vidonge kumi;
Usiku naita jina, nikiwa chooni mimi:
“Tezi, asante kwa wana.” Tone laniitikia.