Hasi Tatu

Saa tano usiku, Umoja. Stima imerudi
na jokofu la jirani limeanza kuguna.
Nafungua mabadiliko ya Lemayian:
mistari kumi na minne, sita myekundu, minane ya kijani,
na maelezo mafupi kama ya mtu anayewahi lifti:
*Narekebisha takwimu za kumbukumbu. Zilitutia aibu.*

Zilitutia kweli. Jana mashine ya majaribio
ilitangaza, bila kupepesa:
kurasa zinazotumika, hasi tatu.

Nashuka polepole, kidole juu ya kioo.
Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa,
ila jina la kigeu ni refu kuliko kazi yake.
Wa tano unanisimamisha:
hesabu ikiwa chini ya sifuri,
andika sifuri.

Basi.
Funika kawa, mwanaharamu apite.

Mama aliuza mapazia Gikomba miaka kumi na tisa.
Daftari lake lilikuwa na kalamu nyekundu
iliyofungwa kwa uzi.
Jioni pesa zikipungua shilingi thelathini
hakujaziliza kutoka mfukoni.
Aliandika thelathini, kwa wekundu,
kisha akakaa palepale, soksi zimejaa vumbi,
akimkumbuka mteja mmoja mmoja.

Narudi nyuma, kwenye msimbo ambao Lemayian hakuugusa.
Hapa mchakato huzaa watoto,
na wote hushiriki ukurasa wa mzazi
kama ploti yetu na tangi lake:
uliza mlango wowote, utaambiwa lita elfu tano,
milango minane, tangi moja.
Ukurasa ukiingia, tunauhesabu mara moja.
Wakiondoka, kila mmoja anapunguza wake.
Jaribio letu lilizaa watatu.
Mzazi na watatu, wanne.
Moja toa nne.

Nacheka peke yangu, kwa sauti.

Namwandikia: *Ondoa mstari wa tano.
Hiyo hasi ndiyo shahidi wetu pekee.
Tazama pale mtoto anapozaliwa:
hakuna anayemwandikisha.*

Dakika nne. Anajibu: *Lo.*
Kisha: *Lakini onyesho ni saa tatu asubuhi,
na mkubwa ameomba grafu safi.*

Naitazama sentensi hiyo kwa muda.
Nabonyeza: imekataliwa.

Betri, asilimia thelathini na moja,
kama nayo inasema kweli.
Chini uani mtu anafungua bomba.
Linakohoa.