Kipande

Kapya Monga, mtu wa tanuru, zamu ya usiku,
aliokotwa chini ya kilima cha mavi ya shaba,
kofia bado kichwani, kiatu kimoja.
Faili lilishaandikwa kabla sijafika:
alilewa, akaanguka.

Mkewe alininong'oneza,
"Tangu abatizwe hajaonja hata munkoyo."

Nikapiga magoti vumbini.
Kioo cha taa ya gari, kipande sawa na ukucha.
Magari ya Elizabethvili yana wenyewe;
lenye jicho moja nililikuta uani kwa Bwana Delvaux,
limefunikwa turubai,
na mvua haijanyesha tangu Mei.

Nilitoka huko saa tatu na nusu.
Tochi usoni.
"Mweusi, saa hizi, mji wa wazungu?
Kipande chako kiko wapi?"
Sauti ya Kyoni,
tuliyekula kiapo naye siku moja.

Nikatia mkono mfukoni, nikakishika.
Kikanikata.

Asubuhi mkubwa wangu alinitoa rumande akicheka,
akanisogezea faili na kalamu.
Anajua naweza kuandika.
Niliiacha kalamu pale pale,
nikabandika dole gumba, lile lililokatika,
juu ya neno akaanguka.