Kikohozi cha Namba Nne

Nestan alitega mikrofoni kwenye waya
kama daktari anavyotega sikio kifuani,
wiki ile ya mwisho, Chiatura,
kabla vigari vya angani havijashushwa vikalazwa majanini.
"Usiongee," akaniambia. Nikanyamaza saa tatu nzima.
Injini ilivuma. Waya ulisaga meno.
Chini yetu mto, mweusi kwa vumbi la manganizi,
uliendelea na safari yake, haukuuliza kitu.

Fungu langu mimi lilikuwa picha.
Baba alipiga video za harusi za mji mzima
akafa akaniachia sanduku la kanda mia na kumi na mbili,
kila moja ina majina mawili kwa wino wa bluu:
Eteri na Zauri. Lamara na Guram.
Ukungu umezila. Nyuso zinatokea, zinakatika,
bibi harusi anainua kisu cha keki, mara theluji.
Nestan akasema: usizisafishe. Huko kuoza ndiko rangi yetu.

Basi tukaziba madirisha kwa mablanketi
tukakaa miezi tisa, mimba ya kompyuta mbili.
Aliinyoosha injini mpaka ikawa pumzi,
akaivuta pumzi mpaka ikawa mlango,
akaukata mlango vipande elfu, vipande laki,
akavimwaga kama mchele kwenye ungo
akapepeta.
Nami niliwarudisha wageni kinyumenyume:
divai inapanda kutoka kinywani hadi gilasi,
wachezaji wanarudi hadi kizingitini,
bwana harusi anamvua mkewe pete
na kuondoka peke yake, kijana tena, hana deni.

Nyimbo saba, kama ni nyimbo.
Mama alisikiliza ya pili akaenda kukagua friji.

Usiku wa uzinduzi tulitundika shuka
katika stesheni ya juu, iliyokatiwa umeme zamani;
tuliazima wa duka la mikate, kebo ikavuka barabara.
Walikuja watu kumi na tisa, na mbwa.
Besi ilitikisa vioo vichache vilivyosalia.
Mbele kabisa Bibi Tsiala, koti limefungwa hadi kidevuni,
aliyebonyeza kitufe cha kuondoshea vigari
miaka thelathini na mmoja.
Hakuitazama picha hata mara moja.
Alifumba macho, kidole gumba kikibonyeza goti.

Wenzake walipopiga makofi yeye alibaki kakaa.
Nikamwinamia: Bibi, umeionaje?
"Namba nne," akasema. "Mmemwibia."
Nini, Bibi?
"Alikuwa akikohoa kabla ya kusimama. Mara moja, kikavu.
Hapo ndipo nilipojua watu wamefika.
Nyinyi mmemsimamisha kama mtu aliyefia usingizini."

Tukatazamana.
Kikohozi tulikifuta mwezi wa Machi.
Tulikiita hitilafu.
Tulinunua programu maalumu ya kukifutia.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na sisi tulikuwa tumeshakipuliza dawa.

Saa nane za usiku, Nestan kavaa koti ndani ya nyumba,
tunapekua diski ya zamani, faili baada ya faili,
majina ya kipumbavu: mwisho, mwisho kweli, mwisho wa mwisho.
Kisha tukakisikia.
Khh.
Nusu sekunde. Kitu kidogo mno,
kama mtu anayetaka kusema jambo mbele za watu
akaghairi.

Akakirudisha mahali pake, dakika ya sita, karibu na mwisho.
"Na picha?" akauliza. "Hapo utaweka nini?"

Nikaanza upya, kanda ya kwanza.
Kulipokucha nilikuwa bado natafuta
harusi moja ambayo mlango unafunguka
na mtu anaingia,
anakuja mbele, kwa miguu yake.