Kasha la Vitufe

Fundi Anyelwisye, usinionyeshe rangi.
Nyekundu, buluu, ya fedha, gizani zote ni moja,
na hili litakaa gizani, chini ya magunia ya mbegu.
Nionyeshe komeo lake.

Julai, Mwanjelwa, vidole vinauma kwa baridi,
chai ya tangawizi inapoa kabla haijafika mdomoni.
Ametandika kaunta kitambaa cha jikoni,
juu yake makasha matatu,
kama muuza samaki wa Kyela:
wa leo, wa jana, na wa kubembelezwa.

La kwanza ni la plastiki. Bei ya kuku wawili.
"Linafunga?"
"Linafunga vumbi, dada."
Tukacheka, nikalirudisha.

La pili linasoma kidole.
Nikaweka changu, likakataa.
Nikakifuta kwenye kanga, nikaweka tena, likakataa.
Kidole kilichofukua viazi vya Uporoto tangu utoto
hakina tena mistari ya kusomeka,
hata wa vitambulisho walihangaika nacho.
Na kidole, nikamwambia, mtu aweza kukushikia
ukiwa usingizini.
Namba iliyo kichwani, nani ataishika?

La tatu ni zito, la alumini, lina vitufe kumi,
baridi kama kitasa cha kanisa.
Linasimba lenyewe, anasema, halingoji kompyuta;
kila herufi iingiayo inavurugwa humo humo,
na atakayelivunja kwa nyundo ataokota mchanga.
"Ukikosea mara kumi, linafuta kila kitu."
Kila kitu?
"Kila kitu. Halina huruma."
Bei yake magunia matatu ya mahindi.

Nikanyamaza. Akadhani ni bei.

Sikumwambia ya mwaka juzi:
flashi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba,
iliyodondoka Mafiati kati ya dimbwi na mtaro,
na sauti ya mama mmoja wa Isuto
ikafika kwa shemeji zake
kabla haijafika kwa hakimu.
Shamba lake sasa linalimwa na wao.
Yeye yuko Chunya, anaosha mchanga
wa dhahabu ya wengine.

Wanawake arobaini na mmoja waliobaki
wamo katika kompyuta hii mzee, feni inakoroma:
mipaka, miti ya mipaka, majina ya walioing'oa,
kikohozi cha katikati, mtoto anayelilia ziwa.
Walisema kwa sababu nilisema: haitatoka.
Niliisema kwa mdomo tu.
Mdomo si komeo.

Na nakala moja nayo si nakala.
Mama hakuweka mbegu zote ghala moja:
nusu darini juu ya moshi, nusu kwa dada yake Tukuyu;
sakitu ikichoma huku, kule kunachipua.
Kwa hiyo mawili, fundi. Ndiyo, mawili, na diski zake.
Nitakula makande mpaka Krismasi.

Tulipofika kwenye namba akasogeza kasha upande wangu,
akageuka, akautazama mlima Loleza
kana kwamba umeota usiku wa jana.
Mgongo mpana, koti la mtumba, kola imechanika.
Hakugeuka mpaka nilipokohoa.
Tarakimu nane. Si mwaka wangu wa kuzaliwa, si wa mwanangu.
Ni hesabu ya hatua, imo katika sauti mojawapo;
sitasema ya nani.
Nne za mwanzo nitampa Tusekile.
Nne za mwisho atakuwa nazo mtu asiyemjua Tusekile.
Nikianguka kesho, itabidi watafutane, wachemshe chai.

Kunakili kulichukua saa mbili na nusu,
umeme ulikatika mara moja, tukaanza upya.
Kisha nikachomoa, nikachomeka,
nikakosea kwa makusudi: taa nyekundu.
Tena: nyekundu. Anyelwisye akashika kichwa.
Ya tatu nikapatia. Kijani.
Nikafungua faili moja, nikavaa visikizio.
Mtoto alikuwa bado analia,
na mama yake, kwa Kisafwa, bado anambembeleza:
subiri kidogo, nasema.