Kabati la Bi Tunu

Siku ya nne, na kidole bado kinanata.
Nakibandika mlangoni, nakibandua:
tsk, kama ulimi wa mtu asiyetaka kusema.

Mtiki wa Longuza, mbao nzito, nzuri,
niliipiga randa mpaka ikanukia ngozi mpya,
nikaipaka rangi ya mafuta, kahawia ya buni iliyokaangwa,
mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, juu kwa juu,
kwa sababu mechi ilikuwa saa kumi Mkwakwani
na tiketi nilishakata.
Sikuifuta. Hilo niliandike kabla sijasahau kulikiri.
Tulitoka sare. Bila bila.

Sasa Makorora nzima imeacha alama kwenye kabati:
unyoya wa kuku wa jirani,
vumbi la mashine ya Mnkande apasuaye mbao ng'ambo ya uchochoro,
mbu wawili, mmoja bado anapiga mguu,
na nusu ukurasa wa gazeti, matangazo ya vifo,
majina yakisomeka kinyumenyume.

Ya ujinga yote nilijaribu.
Nikalitoa juani, masika yakalirudisha ndani.
Nikaliwashia feni ya kukopa, umeme ukakatika.
Nikalipaka poda ya mtoto,
likawa na sura ya bibi harusi aliyelia njiani.
Na Bi Tunu anapiga simu kila baada ya adhuhuri:
"Fundi, nguo zangu ziko sakafuni."
"Kesho, mama."
Kesho yangu nayo ilikuwa haijakauka.

Kidawa wa duka la rangi, Barabara ya Nane,
hakuinua hata macho kutoka kwenye hesabu zake.
"Uliifuta?"
Nikaanza habari ya mvua, ya unyevu, ya makopo ya siku hizi.
"Nimekuuliza, uliifuta?"
Akageuza kopo, akaweka ukucha kwenye maandishi madogo.
"Mbao inakunywa inachotaka. Kinachobaki juu
si rangi, ni deni."
Akanipimia tepentaini lita moja, hakupunguza hata mia.
"Na vanishi usithubutu.
Utakuwa umefunga kidonda na usaha wake."
Nami vanishi nilishaificha mfukoni mwa mawazo.

Usiku, kwa taa ya chaji, mlango wazi,
nikalowesha tambara, fulana yangu kuukuu ya shule,
nikafuata nyuzi za mbao bila kuzikata,
taratibu, kama unavyomfuta mgonjwa mgongo.
Mwanzo ikazidi kunata. Nikatukana.
Kisha ikalegea,
ikatoka nyeusi, nzito, tambara baada ya tambara,
mkono wa tatu, wa pili, ile saa kumi ya Mkwakwani yote.
Kwenye pembe pakakataa katakata.
Hapo nikapaka rangi mpya juu ya ile ya zamani,
ndiyo, ile ile, nikahesabu dakika tano,
ikamlegeza mwenzake, nikazifuta zote mbili pamoja.
Mdaiwa kumlipia mdaiwa: sijapata kuona.

Kulipokucha mbao ilikuwa imepauka kidogo,
mistari yake nje, mmoja mmoja,
kama mishipa ya mkono wa mfua nguo.
Mtiki una mafuta yake wenyewe, alisema Kidawa,
uipitishie spiriti, uipe siku mbili,
ndipo mkono mmoja mwembamba. Na ufute.
Nikampigia Bi Tunu kabla hajanipigia.
"Ijumaa," nikasema, na mara hii nilijua ni Ijumaa ipi.
"Na elfu ishirini nimekupunguzia."
Kimya.
"Thelathini."

Matambara sikuyarundika kwenye ndoo.
Tambara la mafuta likikunjwa pembeni hujipasha lenyewe,
likaweza kuwaka usiku, watu wamelala.
Nimeyatandaza uani juu ya seng'enge, moja moja,
fulana ya shule mwisho,
jina langu kwa wino bado linasomeka kwenye ukosi.
Jirani anauliza nimefua nini cheusi hivi.