Mtafsiri wa Mizimu

Gungu, banda la mabati, shilingi mia tatu mlangoni,
mtoto aliyepakatwa na mwenzake analipa nusu.
Mimi ndiye sauti. Nakaa nyuma na kipaza sauti
kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli,
natafsiri nyumba za watu.

Filamu ya leo imetoka sijui wapi.
Maandishi yake yamekaa kama njiti zilizomwagika.
Sijui hata neno moja, na sijawahi kukwama:
mwanamke akipanda ngazi na mshumaa
napanda naye, nabana pumzi, nasema,
"Jamani, nani amefungulia maji bafuni?"
Banda zima linakunja miguu.

Nyumba hizi nazijua kuliko waliozijenga.
Zina dari la kufichia sanduku, ukuta wenye tumbo,
na chumba chini ya ardhi
(sisi chini ya ardhi tuna mihogo na wafu,
kwa hiyo hapo huwa nafafanua kidogo).
Familia ni ngeni, nyumba ilipatikana kwa bei ya chee.
Mtoto mdogo ndiye anayeona kwanza,
na baba hasikii mpaka damu ifike kwenye soksi.

Hapo ndipo Rusimbi, muuza mawese, anaposimama:
"Si wahame! Wanangoja nini? Hameni, nyie!"
Na watu wote: "Hameni!"
Hata jenereta, nahisi, linasema hameni.

Naacha kelele zitue, ndipo namtia mzimu maneno.
Mizimu yangu ina madai: mirathi, mahari iliyoliwa,
kaburi lisilo na jina.
Siwezi kumwacha mtu alie bure
na watu wametoa mia tatu.

Narudi Katubuka saa sita, viatu mkononi.
Vyumba viwili na stoo. Stoo ina debe, majembe,
mlango wa mbao mbichi uliopinda.
Kuna mtu anaongea humo.

Nilikuwa na miaka saba niliposikia mara ya kwanza.
Asubuhi nikauliza. Mama akanimiminia uji,
akasema, "Panya."
Nikasema panya hawasemi.
Akaongeza sukari.

Mama ni mtu wa Kasulu. Ndivyo ilivyoandikwa,
ndivyo tulivyofundishwa kujibu
akija mtu mwenye daftari.
Kijiji, kata, jina la babu: nilikariri kama sala.
Sijawahi kufika Kasulu.
Naye, nadhani, hajawahi.

Usiku huu nimesimama pale pale
ambapo kila siku namwambia mwanamke wa kwenye kioo
asisimame. Mkono kwenye komeo.
Ndani sauti inashuka, inauliza, inangoja ijibiwe,
inacheka kidogo,
kwa lugha iliyovuka ziwa na mama
ikakatazwa kutoka stoo.
Maneno yananipita kama maji kwenye tenga.
Yanabaki majina: Wilondja. Etabo. Wilondja tena.
Na moja ambalo ni langu,
lakini haniiti mimi.

Rusimbi, wewe na banda lote:
alihama.
Alihama usiku, mtoto mmoja mgongoni, na mwingine
sijui. Hapo filamu inaruka.
Nyumba ikamfuata, ikapita juu ya maji bila kulowa,
ikajibanza kati ya debe na majembe.

Mimi niliyewasemea wafu wa nchi nane
nimekosa hata hodi.
Nimekaa chini, mgongo mlangoni,
mpaka mwanga wa kibatari ukafa kwenye ufa.

Asubuhi, uji.
"Panya wamesumbua tena," akasema.
Nikasema, "Mama, mmoja ana jina langu."
Sukari ilikuwa kwenye kijiko.
Ikabaki kwenye kijiko.