Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni mkata miti, sijifichi.
Mashine yangu ya njano humaliza msonobari kwa sekunde arubaini:
huushika shingo, huuangusha, huupukutisha matawi,
huukata vipande, kwisha.
Mimi nimo ndani ya kioo, nina joto, nina redio.

Raakel Moilanen hukaa ng'ambo ya ziwa.
Asubuhi za baridi ile ya kugandisha kope
huvuka barafu kwa miguu, rangi zake za maji
kazifutika kwapani zisigande.
Hutafuta nyayo: za sungura, za mbweha,
za dubu aliyeamka kabla ya siku zake.
Huzichora zilivyo, kisha humimina hadithi ndani yake
kama maziwa kwenye kisahani.

Msimu ule nilipewa kipande cha msitu nyuma ya nyumba yake.
Alikuja, akasimama kando ya magogo.
Nikazima injini, nikajiandaa kutukanwa.
Aliuliza tu nimekula nini.
Mkate wa shayiri, nikasema, na samaki wa jana.
Akaandika. Akaenda zake.

Mwaka ukapita.
Binti yangu Saimi akaja na kitabu cha maktaba.
Huku kwetu, Desemba, usiku huingia saa tisa mchana,
basi husomwa vingi.
Bundi katoka tunduni, kabeba mto na sufuria,
anabisha hodi mti hadi mti, na kote kumejaa:
kindi ana wageni, kigogota anakarabati.
Saimi anacheka. Mimi nafunua kurasa polepole,
maana namjua anayekuja.

Nilitarajia pembe. Nilitarajia meno.
Alikuwapo mwanamume mdogo, kofia nyekundu,
ndani ya mashine ya njano, anakula mkate,
kamega kipande cha samaki, kakiweka dirishani
kwa ajili ya ndege.
Hilo mimi sikulifanya.

"Baba, ni wewe!"
Kofia nyekundu ni nyingi duniani, nikamjibu.

Nikaipapasa karatasi. Laini.
Huenda ni ule msonobari wa pale kijitoni, huenda si ule.
Kiwandani miti haiulizwi majina.

Ukurasa wa mwisho ni mweupe, hauna hata mstari.
Nilidhani wachapaji wamekosea.
"Ni theluji," akasema Saimi. "Bundi bado anatafuta."
Akaleta kalamu ya rangi, ile ya kahawia
iliyobaki kipande kama jino la maziwa.
Kitabu cha maktaba, nikamwonya.
Akanitia kalamu mkononi: "Chora mti. Wewe unaijua."

Naijua. Kwa kipenyo, kwa ujazo, kwa bei.
Mkono huu husukuma vishikio kutwa nzima, hautetemeki.
Nikaanzia chini, penye mizizi,
mahali ambapo sijawahi kupatazama.
Shina likaenda kombo.
"Usisahau tundu," akasema.